Mafuta 45% kwenye jibini: asilimia ya nini?

Thamani ya lishe ni hesabu ya kilichomo kwenye chakula: nishati, protini, mafuta, wanga, madini na vitamini, aghalabu kwa kila gramu 100. Jibini ya cheda, kwa mfano, ina takriban kalori 400, protini gramu 25, mafuta gramu 33 na kalsiamu zaidi ya miligramu 700. Hapo hatugombani.

Tunagombana kwenye ile "mafuta 45%" iliyoandikwa mbele ya jibini nyingi, hasa za Ulaya. Mtu akishaiona tu, keshatangaza kwamba karibu nusu ya kipande ni mafuta. Siyo. Hiyo ni asilimia ya mafuta katika sehemu kavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, navyo hupanga jibini hivyo hivyo: kuanzia 45% hadi chini ya 60% ya sehemu kavu, inaitwa jibini yenye mafuta kamili.

Chukua jibini laini ya Kifaransa, Camembert, ya 45%. Karibu nusu yake ni maji, kwa hiyo gramu 100 zina gramu 50 hivi za sehemu kavu, na 45% ya hizo ni gramu 22 na ushee. Jibini mbichi laini ya 40%, ambayo robo tatu ni maji, haizidi sana gramu 10. Jibini ngumu yenye 40% ileile na maji 35% inafika gramu 26. Namba moja, mafuta zaidi ya maradufu! Halafu utamsikia mtu analinganisha 45% hiyo na krimu ya 30%, ambayo imepimwa kwa uzito wake wote, maji yakiwemo.

Wapimaji hawakukusudia kumzuga mtu. Jibini hupoteza maji inavyokaa ghalani kukomaa. Ukipima kwa uzito wote, kipande kilekile kitasomeka tofauti mwezi huu na mwezi ujao. Sehemu kavu haiyumbi hivyo.

Kwa hiyo anayesema "45% mafuta" kaisoma namba sawasawa, ila kaipachika pasipo pake. Ageuze pakiti: jedwali la nyuma linataja gramu za mafuta katika gramu 100 za jibini kama inavyoliwa.