Bia chungu si bia kali, jamani

Mtu anapiga funda la kwanza la IPA, ile bia yenye hopi nyingi, anakunja uso kama aliyelambishwa shubiri, halafu anauliza: "Hii kali! Asilimia ngapi?" Asilimia 5. Ni sawasawa na laga aliyoizoea, pengine pungufu kidogo. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandikia, ili nikiulizwa tena nitume kiungo na niendelee na kazi.

Nusu ya kosa ni la lugha yetu wenyewe. Neno "kali" tumelibebesha mizigo hadi limepinda mgongo: ndimu kali, pilipili kali, chai kali, pombe kali, mwalimu mkali. Ulimi ukishtuka tu, neno liko tayari. Lakini ndani ya glasi kuna mambo manne yasiyofanana. Kuna uchungu, ule wa mwarobaini na kahawa isiyo na sukari. Kuna uchachu, ule wa ukwaju na mtindi. Kuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi, mdomo unapokauka na ulimi kukwaruza. Na kuna joto la kileo, linalounguza koo na kupanda puani. Hopi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huleta la kwanza, na zikizidi huleta la tatu pia. La nne silo lao. Kileo kinatokana na sukari ya kimea inayoliwa na hamira, na mchango wa hopi kwenye sukari hiyo haufai hata kuhesabiwa. (Kuna upenyo mmoja mdogo, nitaufikia. Wapenda ubishi wavumilie.)

Hopi ni ua la jike la mmea unaopanda kamba, jamaa wa bangi kwa ukoo. Hapana, halilewishi hivyo. Kati ya vijani vyake kuna unga wa njano unaonata, lupulini. Humo ndimo kulimo kila kitu tunachokilipia: asidi alfa na mafuta ya harufu. Asidi alfa ikiwa mbichi haiyeyuki vizuri na si chungu sana. Lazima ichemshwe ndipo ijipange upya iwe asidi iso-alfa, na hiyo ndiyo uchungu wenyewe. Mafuta yanataka kinyume chake: ukichemsha, yanaondoka na mvuke. Jikoni kwako kunanukia vizuri, bia yako hainukii kitu. Ua ni lile lile lakini mahitaji ni mawili yanayogombana, na kazi ya mpishi wa bia ni kuyaamulia kwa saa na kipimajoto.

Tuweke namba. Una lita 20 za maji ya kimea yenye uzito wa 1.050 (mara 1.05 ya maji matupu, kwa sababu ya sukari), na gramu 30 za hopi aina ya Cascade yenye asidi alfa asilimia 6. Ukizitia mwanzoni na kuchemsha dakika 60, kanuni ya Tinseth, hesabu ya kukadiria uchungu, inakupa kama miligramu 21 za uchungu kwa lita. Gramu zilezile ukizitia dakika 10 kabla ya kuzima moto, unapata 7 au 8. Ukizitia bia ikiwa imeshachachuka na kupoa, asidi iso-alfa mpya ni karibu sifuri. Harufu inakwenda kinyumenyume cha hesabu hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havikuambii kwa sababu haviishi Nairobi. Kanuni hizo zinadhani maji yako yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi yanachemka karibu na 94, na kwenye nyuzi hizo kasi ya asidi alfa kugeuka inapungua kwa kama asilimia 40. Mapishi yaleyale, gramu zilezile: Dar es Salaam yanakaa sawa, Nairobi bia inatoka tamutamu, halafu lawama zinaangukia hopi kwamba ni za zamani. Ongeza hopi za mwanzo, au ongeza dakika. Vilevile, ukizima moto na kuacha hopi zizunguke kwenye nyuzi 80, usijidanganye kwamba uchungu umekoma. Unaendelea kwa kama sehemu moja ya sita ya kasi ya nyuzi 100, na nusu saa ya hivyo inaonekana kwenye glasi.

Swali la pili linalonichosha: "Mmetia juisi ya embe?" Hatujatia. Mirseni, mafuta yaliyojaa kwenye hopi nyingi, imo pia kwenye embe na kwenye mchaichai. Linaloli imo kwenye mrihani. Geranioli imo kwenye waridi. Zile thioli, kemikali zenye salfa, zinazozipa hopi kama Citra au Nelson Sauvin harufu yake ndizo hizohizo za pasheni, pera na balungi, na pua inazikamata hata zikiwa sehemu chache kwa trilioni. Kwa hiyo ukisema unanusa pera, si ushairi. Hopi za kale za Ulaya ziko upande mwingine: Saaz ya Žatec, Ucheki, ina asidi alfa asilimia 3 hadi 4 na ushee, na harufu yake ni ya majani makavu, maua na viungo. Ukiitafuta embe kwenye pilsna ya Kicheki utakesha.

Sasa IBU, ile namba ya uchungu wa bia. Hapa ndipo shingo inaponikaza.

Watu wanasoma IBU kwenye kopo kama wanasoma namba ya viatu. IBU ni kipimo cha maabara, ulimi haukuulizwa. Bia inatiwa tindikali, inatikiswa na iso-oktani, dawa inayovuta vitu vya hopi, kisha inapitishiwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 275. Kiasi cha mwanga kilichomezwa kinazidishwa kwa 50. Basi, hiyo ndiyo IBU yako. Kwa laga na kwa bia iliyopata uchungu wake wote kwenye sufuria, namba hiyo inakaribia kweli miligramu za asidi iso-alfa kwa lita. Lakini mashine inahesabu kila kinachomeza mwanga huo, kiwe chungu kisiwe chungu.

Chukua IPA yenye ukungu, iliyolowekwa gramu 8 au zaidi za hopi kwa lita. Kwenye peleti zile, yaani hopi zilizosagwa na kukandamizwa, kuna humulinoni, yaani asidi alfa iliyokwisha kuguswa na hewa. Inayeyuka kirahisi hata kwenye bia baridi, mashine inaiona, lakini uchungu wake ni kama theluthi mbili tu ya ule wa asidi iso-alfa. Wakati huohuo majani ya hopi yanashika sehemu ya asidi iso-alfa na kuzama nayo. Namba inaweza kupanda huku uchungu wa kweli ukishuka, na mnywaji aliyeogopeshwa na 60 kwenye kopo anakuta kinywaji laini kama maji ya matunda.

Hata namba ikiwa ya haki, inanyamaza kuhusu utamu. Stauti (bia nyeusi) nzito ya IBU 60 iliyoishia uzito wa 1.025 ina sukari nyingi iliyobaki, na unaweza kuiita tamu. Bia ya rangi ya dhahabu ya 40 iliyoishia 1.008 itakukunja uso. Wazee wa Pwani wanajua hili bila maabara: kahawa chungu inakwenda na kashata au tende. Uchagani nako, mbege ya ndizi mbivu na ulezi inatiwa maganda machungu ya mti wa msesewe kwa sababu utamu wa ndizi unahitaji wa kuushika. Hakuna mtu aliyewahi kuiuliza mbege ina IBU ngapi. Ongeza na maji: yakiwa na salfeti nyingi uchungu unachongoka, yakiwa na kloridi nyingi unalala.

Halafu kuna makopo yanayojigamba kwa IBU 150, 200, hata 1,000. Hizo ni za kikokotoo. Asidi iso-alfa ina kikomo cha kuyeyuka kwenye bia. Ukishapita mia moja na kidogo, unachotupa kwenye sufuria kinaishia kwenye masimbi. Viwanda vidogo vingi havina mashine ya kupimia kabisa, vinaandika kilichotoka kwenye programu ya mapishi. Silaumu, mashine ni ghali. Ila usinunue bia kwa namba hiyo.

Kuonja sasa, kwa haraka. Glasi safi isiyo na mafuta wala sabuni, yenye mdomo mwembamba kidogo kuliko tumbo. Nyuzi 7 hadi 10. Najua kaunta zetu swali ni "baridi au ya moto?", na yote mawili yanaiua IPA: ya baridi sana harufu inalala, ya moto gesi inakimbia na uchungu unabaki peke yake kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Itoe kwenye friji, iache dakika kumi. Mimina katikati povu lipande vidole viwili, maana povu ndilo linalopandisha harufu. Nusa mara moja au mbili fupi kabla ya kunywa; pua inachoka upesi kuliko mnavyodhani. Kunywa, meza (hii si mvinyo, msiteme), kisha toa pumzi puani. Uchungu unachelewa kufika, na ukifika unakaa, kwa hiyo ngoja sekunde kama 20 kabla ya kuhukumu. Uchungu mzuri unaondoka ukiacha mate. Mbaya unaacha ukakasi, na mara nyingi maana yake hopi zimelowekwa siku nyingi mno. Siku mbili au tatu zinatosha, harufu nyingi inatoka ndani ya saa 24 hadi 48, na baada ya hapo unavuna majani.

Ukitaka kutenganisha harufu na uchungu papo hapo, bana pua na unywe. Embe imetoweka, pasheni imetoweka, uchungu uko palepale. Achia pua, matunda yanarudi.

Upenyo niliouahidi ni huu. Hopi zinazolowekwa zina vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu ambazo hamira ilishindwa kuzila. Hamira ikiwa bado hai inaamka tena, inaongeza kileo kidogo, inaongeza gesi nyingi, na wakati mwingine inaacha harufu ya siagi. Ikitokea ndani ya chupa, chupa hupasuka. Kwa mpishi ni balaa la kweli, kwa mnywaji ni sehemu ndogo ya asilimia. Msije mkaniambia "si tulisema".

Kuna mengine tunayoyasema kwa uhakika kuliko tunavyostahili. Kitabu kitakuambia hopi zenye kohumuloni (aina mojawapo ya asidi alfa) nyingi zinatoa uchungu wa kukwaruza. Nimeamini hivyo muda mrefu, sasa nina shaka, kwa sababu majaribio hayakubaliani na kuna hopi za kohumuloni nyingi zinazotoa uchungu safi. Tunasema hamira inageuza geranioli kuwa sitroneloli, mafuta mengine ya harufu, na ni kweli inageuza, ila ni kiasi gani cha hayo kinafika puani mwako ni mjadala. Na maneno "embe, pasheni, msonobari" kwenye pakiti ya hopi yachukueni kama utabiri wa hali ya hewa. Aina ileile, shamba jingine, ikivunwa wiki moja baadaye, inaweza kuja na kitunguu saumu.

Hopi zote hizi zinasafiri, kwa sababu mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi ili uchanue vizuri, na huku kwetu jua linatupa saa 12 mwaka mzima. Zinatoka Bonde la Yakima (Marekani), Hallertau (Ujerumani), Žatec, Kent (Uingereza), New Zealand. Afrika Kusini, eneo la George, wamelazimika kuzalisha aina zao zinazovumilia siku fupi, kama Southern Star na African Queen. Safari ndefu ni joto, na joto ni adui. Peleti zikae kwenye friza, pakiti isiyo na hewa. Zikinuka jibini au soksi, tupa. Bia yenyewe nayo iangalie tarehe: IPA iliyokaa miezi minne kwenye rafu ya joto imebaki na uchungu na harufu ya boksi la karatasi. Ikikaa juani kwenye chupa ya kijani au nyeupe, mwanga unavunja asidi iso-alfa na kutoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia si urembo.

Ambaye bado hajaamini, afanye hili. Tafuta laga ya kawaida ya kiwandani ya asilimia 5, iliyochujwa, chupa mbili za mililita 500 zilizopoa hadi karibu na kuganda. Moja ifungue, tia gramu 1 ya peleti za Citra haraka, ifunge kabla haijafoka (itafoka, iweke kwenye sinki), na iache kwenye friji siku mbili. Pembeni, chemsha gramu 2 za hopi hizohizo kwa saa nzima bila kufunika, ukiongeza maji ya moto ili ubaki na mililita 300. Chuja, poza. Siku ya kuonja, panga glasi tatu za mililita 250: ya laga tupu, ya laga iliyolowekwa hopi, na ya laga tupu ambayo utaiongezea mililita 50 za yale maji. Ya pili itanukia shamba la matunda na uchungu wake utakuwa mdogo. Ya tatu haitanukia sana, lakini itakunja uso.

Mpe zote tatu yule anayesema "kali", usimwambie kitu. Ataiteua ya tatu. Kwa yale maji uliyoongeza, laga ya asilimia 5 imeshuka humo hadi kama 4.2.