Udongo si unga: mambo ninayoyasikia kila siku kuhusu pawatila za bustani

Juzi mteja kaniletea pawatila yake ndogo ya bustani, ile mashine ya kulimia kwa visu vinavyozunguka, visu vimelika mpaka vimebaki vijiti, analalamika kwamba mashine imepoteza nguvu. Nikamuuliza, kitanda kimoja cha bustani anakipitia mara ngapi? "Mara tano, sita, mpaka udongo uwe laini kama unga." Alisema kwa fahari kabisa. Jibu hilo nimelisikia mno, siku hizi nalijua kabla mtu hajafumbua mdomo.

Udongo wenye afya haufanani na unga. Unafanana na makombo ya mkate: vibonge vidogovidogo, na katikati yake upenyo ambamo maji hushuka na mizizi hupata hewa. Visu vikirudi mara ya tatu na ya nne vinavisaga vibonge hivyo. Kwa macho panapendeza, sikatai. Sasa ngoja mvua ya kwanza. Matone yanaupiga ule unga, chembe zinaziba kila tundu, na jua likitoka juu panakauka ukoko kama kigae. Mche wa karoti hauna ubavu wa kuupasua. Banua kipande cha ukoko huo uone: chini yake kuna kichipukizi cha manjano kimejikunja kama ndoano. Mwenye bustani anamlaumu aliyemuuzia mbegu.

Chini nako kuna balaa lake. Visu vikichimba kina kilekile kila msimu, ncha zake zinasugua na kugandamiza palepale, mpaka linajengeka tabaka gumu. Maji yanatuama juu yake, mizizi inapinda kwenda pembeni. Ukilima udongo umelowa, ndiyo umeliharakisha balaa hilo. Kipimo changu ni kiganja: chimbua kidogo, fumbata udongo, fumbua, kisha lidonoe lile bonge kwa kidole gumba. Likimomonyoka, washa mashine. Likibaki na alama ya kidole inayong'aa, rudisha mashine ndani.

Kupitia mara mbili kunatosha. Mara ya kwanza kina cha sentimita 5 hadi 7, ya pili ukikatiza ile ya kwanza, ufike 15 hivi. Bonge la ukubwa wa yai lisikunyime usingizi. Reki italimaliza pale tu unaposia mbegu. Na kitanda ambacho udongo wake umeshalegea hakihitaji mashine kabisa. Jembe uma na mboji basi. Nasema hivi huku nikila kwa kuzitengeneza mashine hizohizo.

"Pawatila inaua magugu." Yale machanga yaliyoota kwa mbegu, ndiyo. Ukoka, hapana. Kisu kinaukata vipande, na kila kipande chenye kifundo kinaota upya: umepanda ukoka kwa petroli. Ndago ni hivyohivyo, unasambaza viazi vyake bustani nzima. Ving'oe kwa uma kwanza.

"Injini kubwa ndiyo bora." Mimi huuliza kwanza visu viko wapi. Mashine yenye visu mbele hujivuta kwa visu vyenyewe, kwa hiyo ikikuta ardhi ngumu huruka na kukukokota. Yenye visu nyuma huendeshwa na magurudumu, imetulia, na zile ambazo visu vyake huzunguka kinyume na magurudumu ndizo za kuvunjia ardhi ambayo haijawahi kulimwa. Lakini ni nzito, na kuigeuza kwenye kona utatoka jasho. Kwa vitanda vyembamba chukua ndogo, upana wa sentimita 25 hivi, unayoweza kuibeba mwenyewe.

"Ikirukaruka, isukume." Usiisukume, izuie! Kile chuma kinachochoma ardhi nyuma ya visu hakikuwekwa kwa urembo. Kishushe, bonyeza mpini kidogo kizame. Mashine itapunguza mwendo na visu vitapata muda wa kuchimba.

"Ikiwa mpya ni kutia petroli tu na kuwasha." Injini nyingi za mipigo minne, zile ambazo oili haichanganywi na petroli, husafirishwa bila oili. Angalia kijiti cha oili kabla hujagusa kamba ya kuwashia, maana injini kavu haikupi muda wa kujutia.

Na nyasi zikijisokota kwenye visu, kuzima peke yake hakutoshi. Chomoa waya wa plagi ya injini ndipo uingize mkono. Ukivizungusha visu huku gia imeingia, injini inaweza kuzunguka pamoja navyo, ikawaka.

Yule mteja wangu, nilipofungua visu vyake, nilikuta vya kushoto vimefungwa kulia na vya kulia kushoto. Mgongo ndio uliokuwa unatangulia, makali yanafuata nyuma. Kumbe mara sita zote hizo alikuwa akiupiga udongo rungu.