Litotesi ni ile "si haba" ya mama wa mitumba

Mpwa wangu anasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano hapa Moshi. Juzi alinijia na orodha ya istilahi za balagha, yaani ufundi wa kutumia maneno, za somo la Kiingereza. Tashbihi, sitiari na takriri hazikumsumbua, maana alishazizoea kwenye Kiswahili na kilichobadilika ni majina tu. Akakwama kwenye litotesi. "Mjomba, huu si ugonjwa kweli?"

Kwenye daftari lake neno limeandikwa bila ile i ya mwisho, na Waingereza hulitamka "laitoutizi", kwa hiyo ukilisikia darasani kabla ya kuliona ubaoni huwezi kudhani ni neno lile lile. Asili yake ni Kigiriki, kwenye neno lenye maana ya kitu cha kawaida, kisicho na makuu. Maana yake ya kibalagha ni hii: kueleza jambo kwa kukanusha kinyume chake. Mtu anamaanisha "nyingi", lakini mdomoni linatoka "si haba".

Jumamosi tulikwenda Kiboriloni kumtafutia sweta. Nikamsalimu mama mmoja mwenye meza ya mitumba, nikamuuliza biashara inakwendaje. "Si haba, baba," akajibu, huku akifunga noti kwenye pindo la kanga. Haijafika hata saa nne asubuhi na meza yake ilikuwa imebaki nusu. Mbona hakusema ameuza sana? Jirani yake wa meza ya pili anasikia. Mtoza ushuru naye hayuko mbali. Na mimi mteja nikishajua kaingiza hela, nitambana kwenye bei. Kwa maneno mawili amesema kweli na hakujitangaza.

Hicho ndicho mtahini anachokitafuta. Kuandika "mwandishi ametumia litotesi ili kusisitiza" hakumpi mtu alama za maana, kwa sababu karibu kila tamathali inasisitiza kitu. Onyesha neno lililokanushwa, sema maana iliyojificha nyuma yake, kisha ueleze msemaji amepata faida gani kwa kutolisema waziwazi: unyenyekevu, tahadhari, adabu, au wakati mwingine majivuno ya chini kwa chini. Mpwa wangu ni mwanakwaya, nikampeleka Matendo 21:39. Paulo yuko mikononi mwa askari wa Kirumi, na anajitambulisha kuwa raia wa Tarso, mji usio mnyonge. Hakuusifu mji wake hata kidogo, lakini jemadari amepata ujumbe.

Si kila ukanushi ni litotesi, na hapa wengi huteleza. "Chai si ya moto" ni taarifa tu, chai imepoa. Lakini "baridi ya Arusha mwezi wa Julai si ya kitoto" inamaanisha ni kali kuliko maneno yenyewe yanavyosema. Ukiita Kilimanjaro, wenye mita 5,895, "kakilima" fulani, umepunguza ukubwa wake kwa makusudi, ila hujakanusha kitu, kwa hiyo hiyo siyo litotesi. Sema "Kilimanjaro si kichuguu", hapo umeipata.

Mtego mwingine uko kwenye tafsiri. Mwingereza akionja chakula akasema "not bad", mara nyingi amekipenda sana. Kwetu "sio mbaya" ni jibu la mtu anayekula kwa sababu ana njaa. Ukiifasiri neno kwa neno umempunguzia mpishi sifa zake.

Kibaya zaidi ni pale kanushi zinapokuwa mbili. Kwenye zoezi moja kulikuwa na "a not inconsiderable sum". Mpwa wangu akaandika "kiasi cha fedha kisichojali watu". Alichanganya neno lile na "inconsiderate", la mtu asiyejali wenzake. "Inconsiderable" ni kidogo kisicho cha kutajwa. Ukitanguliza "not" unapata fedha nyingi tu. Mimi humwambia aanze kulivua neno kiambishi chake, ajue mzizi unasema nini, ndipo ahesabu kanushi. Mbili zikikutana zinafutana, lakini hazirudi pale pale: zinaacha kivuli cha kusitasita, kana kwamba msemaji hataki kunaswa akisifia.

Waandishi wa Kiingereza wenyewe wameshaukinai mtindo huu. Mwaka 1946 George Orwell aliwacheka waliouzidisha kwa kutunga sentensi ya mbwa asiyekosa weusi akimfukuza sungura asiyekosa udogo kwenye uwanja usiokosa ukijani, akashauri watu waikariri kama dawa. Mpwa wangu ameikariri, ila ugonjwa wenyewe ndio kwanza umemwanza. Jana nilimuuliza jaribio la Kiingereza lilikuwaje. "Si haba, mjomba." Karatasi yenyewe bado hajanionyesha.