Uboho, si mafuta ya maandazi

Kijana kavunjika paja kwa ajali ya bodaboda barabara ya Singida. Siku ya pili kifua kikabana, akaanza kuweweseka, akafariki. Msibani hapa Dodoma nikasikia tena: “Mafuta yaliziba mishipa. Mama yake alimzoesha maandazi.” Mama mwenyewe amekaa mkekani, anasikia.

Kilichomuua kinaitwa embolia ya mafuta: ni matone ya mafuta yaliyoingia kwenye damu yakanasa katika vimishipa vyembamba vya mapafu, wakati mwingine vya ubongo na ngozi. Wengi waliovunjika paja hupata matone hayo bila kuumwa. Wachache ndio huugua.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, embolos, yaani kigingi au kizibo. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliliingiza kwenye udaktari miaka ya 1840 ili kutofautisha kitu kilichosafiri kwenye damu kikanasa mahali pengine, na damu iliyoganda palepale ilipo. Mwaka 1862 daktari Zenker, naye Mjerumani, akayaona mafuta hayo kwenye mapafu ya mfanyakazi wa reli aliyepondwa. Lakini ugonjwa huu hautokani na chakula. Mafuta ya kula hujenga utando kwenye kuta za mishipa polepole, kwa miaka. Haya ya embolia huleta ugonjwa ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa kawaida hutoka kwenye uboho, yaani kiini laini cha ndani ya mfupa. Aliyefyonza mfupa pale mnada wa Msalato anaujua: mfupa wa paja umejaa mafuta.

Ndiyo maana mguu uliovunjika haukandwi wala kuvutwavutwa. Hufungwa banzi, na mfupa kuungwa mapema hupunguza hatari. Mgonjwa akianza kuhema haraka au kuchanganyikiwa, mwiteni muuguzi saa ileile. Dalili nyingine ni vidoadoa vyekundu kwapani na kifuani, lakini havionekani vizuri kwenye ngozi yetu nyeusi, kwa hiyo funua kope la chini, tazama na ndani ya mdomo. Wengine hawapati vidoadoa kabisa. Dawa ya kuyeyusha mafuta hayo haipo, na zile za kuzuia damu kuganda haziyaondoi. Mgonjwa hupewa oksijeni, maji ya dripu kwa kipimo, na akizidiwa, mashine ya kupumulia, mpaka mapafu yapone. Wengi hupona.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuseme hivi: uboho ulitoka kwenye mfupa uliovunjika ukaingia kwenye damu. Na mama yule aambiwe hivyo, kwa maneno hayohayo.