Mdau si mwalikwa

Wiki iliyopita nilikuwa tena kwenye semina ya uvuvi endelevu hapa Goma, nikitafsiri. Mwenyekiti akasimama kuwakaribisha "wadau wote". Nikaangalia viti: watu wa ofisi, watu wa mashirika, kijana wa kamera. Mvuvi hata mmoja hakuwamo. Saa hiyohiyo, pale soko la Kituku, kando ya ziwa, wamama walikuwa wanapima sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa kopo.

Mdau ni mtu ambaye jambo likiharibika naye ameharibikiwa, likifaulu naye amepata. Katika uvuvi, wa baharini au wa ziwani, wadau wa mahali ni wavuvi, wachuuzi, wanaoanika samaki, mafundi wa mitumbwi na nyavu. Ndiyo maana yake yote.

Linaloniuma ni mzizi wake. Neno limetoka kwenye dau la mchezo: kile mtu anachoweka chini kabla mchezo haujaanza, na akishindwa hakirudi. Kiswahili kina dau jingine, chombo cha majini, na nimewasikia watu wenye elimu wakifundisha kwamba wadau ni "sisi tulio ndani ya dau moja". Linapendeza masikioni, hasa ukizungumzia samaki, lakini silo. Aliyemo chomboni anaweza kuwa abiria: akifika anashuka, anaenda zake. Aliyeweka dau hana pa kushukia.

Sisi wa huku tunakoroga zaidi kwa sababu tunatafsiri kutoka Kifaransa. Wafaransa wanasema "partie prenante", yaani upande unaochukua. Kiswahili kimegeuza mkono: mdau ndiye aliyeweka. Tofauti hiyo naipenda sana, na inanichoma kuiona ikipotea kwenye orodha ya mahudhurio.

Tazama usiku Ziwa Kivu. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inawaka, wavu umeshushwa chini ya mwanga, sambaza wanapanda wenyewe. (Sambaza si mzaliwa wa Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye mboga ya mji.) Anayevuta kamba akisema samaki wa mwezi huu bado wachanga, tuache kwanza, anasema juu ya chakula cha nyumba yake. Hilo ndilo dau. Mimi nikisema hivyohivyo kwenye semina, jioni nitakula vilevile.

Baharini mfano ninaoupenda ni Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar. Mwaka 2004 wanakijiji walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba, pweza wapumzike kwa miezi kadhaa. Huko wanawake wengi hukamata pweza kwa miguu, maji yakipwa, kwa hiyo kufunga mwamba kuligusa vyungu vyao moja kwa moja. Pweza hukua haraka. Mwamba ulipofunguliwa walitoka wakubwa kuliko zamani, na vijiji jirani vikaiga. Wataalamu walisaidia kupanga na kupima, na kazi yao naiheshimu. Ila miezi ile ya kungoja haikuwa yao kuiweka mezani. Hata miongozo ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2014 kuhusu wavuvi wadogo inataka wavuvi hao, wanawake wakiwemo, washiriki kabla uamuzi haujakatwa. Kuwasomea uamuzi uliokwisha kukatwa ni kuwapa habari tu.

Basi ndugu zangu waandaaji, sigombani nanyi. Mfadhili muiteni mfadhili, mtaalamu muiteni mtaalamu, na sisi wengine tuandikeni "waalikwa". Ni jina la heshima, halitupunguzii kitu. Lile la wadau mkitaka kulitumia, semina ianze saa nane mchana: asubuhi aliyevua usiku kucha amelala, na mama wa sambaza hawezi kuondoka kabla kopo la mwisho halijauzwa.