Ubingwa bobezi wa picha za ubongo: mambo ya kuuliza kabla ya kuomba nafasi

Daktari akishamaliza shahada ya kwanza, mwaka wa intaniship na miaka 3 au 4 ya ubingwa wa radiolojia, tayari anaruhusiwa kusoma picha ya kichwa na kuiandikia ripoti. Kwa nini basi arudi mafunzoni? Marekani ubobezi huu ni miezi 12 baada ya miaka 4 ya radiolojia. India, kwenye taasisi kama NIMHANS, taasisi ya taifa ya afya ya akili na ubongo ya Bangalore, shahada ya DM (ya ubingwa bobezi) ni miaka 3, kwa kuwa inajumuisha usomaji wa picha pamoja na tiba ya mishipa kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Urefu wa muda pekee haukwambii mengi. Ninavyoona mimi, bobezi anatambulika kwa jicho lililozoea kupita njia ileile kila mara, hata saa nane za usiku, na jicho hilo halipatikani kwenye mihadhara. Unasoma picha wewe kwanza, unaandika ripoti, halafu mkubwa wako anaisahihisha mbele yako kabla haijasainiwa.

Chukua CT (picha ya vipande kwa eksirei) ya mgonjwa aliyepooza mkono wa kulia na kushindwa kusema, akafikishwa hospitali mapema. Kwenye dirisha la kawaida la ubongo, yaani mpangilio wa vivuli vya kijivu kwenye skrini, upana 80 na kitovu 40, picha inaweza kuonekana safi kabisa. Punguza upana hadi 40, kitovu ukiache hapohapo, ndipo utaona utepe wa kijivu wa insula (gamba la ubongo lililojificha ubavuni) upande wa kushoto umefifia na ukingo wa kiini cha lentifomu, kilicho ndani zaidi, umepotea. Hapo unahesabu alama za ASPECTS, mfumo wa kupima ukubwa wa kiharusi kipya kwenye CT ulioanzia Alberta, Kanada. Eneo la ateri ya kati ya ubongo linagawanywa sehemu 10: 7 kwenye kimo cha viini vya kina na 3 juu yake. Unaanza na alama 10, na kila sehemu iliyoanza kuharibika inaondoa alama 1.

Makosa ya hapa yanajulikana, na karibu yote yanajirudia. La kwanza ni kichwa kilicholala kwa kuinama: upande mmoja wa kipande unakuwa juu ya mwingine, na daktari anaiita tofauti hiyo kiharusi. Dawa yake ni kumwomba mtaalamu wa mionzi atunze vipande vyembamba vya milimita 1 au chini yake, badala ya vile vya milimita 5 peke yake, kisha ukinyooshe kichwa kwenye skrini. Vipande hivyohivyo ndivyo vinavyoonyesha damu iliyoganda ndani ya ateri, kama uzi mweupe. Linganisha pande zote mbili: mishipa yote ikiwa myeupe, huenda ni damu nzito tu ya mtu aliyepungukiwa maji. Kosa la pili ni kuondoa alama kwa kovu la kiharusi cha zamani. ASPECTS inahesabu madhara mapya tu.

Kuna mtego mwingine ambao kwetu Afrika Mashariki una uzito wa pekee. Damu mbichi chini ya utando wa ubongo kwa kawaida ni nyeupe, lakini mgonjwa mwenye himoglobini chini ya gramu 8 hadi 10 kwa desilita anaweza kuwa na damu inayofanana rangi na ubongo wenyewe. Kwa hiyo usitafute weupe peke yake. Tazama mikunjo ya ubongo kama imesukumwa mbali na fuvu, na kama mstari wa katikati umehama.

Kwenye MRI, somo la wiki za mwanzo ni kutoamini picha ya difyusheni, inayoonyesha mwendo wa maji ndani ya tishu, bila ramani yake ya ADC, inayopima mwendo huo. Kinachong'aa kwenye picha ya difyusheni ya b 1000 (kiwango cha nguvu yake) na kuwa cheusi kwenye ADC ni kizuizi cha kweli cha mwendo wa maji, mfano kiharusi kipya au usaha wa jipu. Kinachong'aa kwenye zote mbili ni mng'ao wa T2 (aina nyingine ya picha ya MRI) uliopenya tu.

Anayekwenda kusoma ng'ambo ajue kwamba atashiba multipo sklerosisi (kinga ya mwili kushambulia mfumo wa neva) na glioma (uvimbe wa ubongo), kisha arudi akutane na kifua kikuu cha ubongo, toksoplazma kwa wenye VVU, tegu, na watoto wenye seli mundu. Hao watoto, kuanzia miaka 2 hadi 16, wanahitaji dopla ya mishipa ya kichwa, yaani ultrasound inayopima kasi ya damu. Kasi ya wastani ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi inaashiria hatari kubwa ya kiharusi. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama kubwa, kinahitaji mkono uliofundishwa. Ninasikitika kila ninapoona programu nzuri isiyokifundisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba, waulize waliopo mafunzoni sasa: nani anasoma picha kwanza, wewe au mkubwa wako? Zamu za usiku zinasahihishwa lini? Je, kuna kikao cha kila wiki na wapasuaji wa ubongo? Unaruhusiwa kutumia mwezi mmoja au miwili kwenye hospitali ya nyumbani? Na ukionyeshwa daftari la kesi, tafuta safu ya matokeo ya upasuaji na maabara. Ikikosekana, hutajua ni ripoti zako zipi zilikuwa sahihi.