Roho si nahodha wa jahazi

Juzi barazani hapa Bagamoyo, kahawa ikiwa bado ya moto, mzee mmoja alishikilia kuwa Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alifundisha kwamba roho imepanda mwilini kama nahodha ndani ya jahazi. Wengi wanaamini hivyo. Kumbe mfano huo yeye mwenyewe aliukataa, mwaka 1641.

Shuka ufukweni utazame. Ubao wa jahazi ukiachia, nahodha haumii: anainama, anaona maji yanaingia, anaagiza kalafati. Wewe ukikanyaga mwiba, huinami kwanza ndipo ujue. Unapiga ukelele! Hiyo ndiyo hoja yake: roho na mwili vimechanganyika hasa.

Alichotenganisha ni asili za viwili hivyo: roho ni kinachofikiri, mwili ni kinachochukua nafasi. Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Mwaka 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme, alimwuliza kwa barua: kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Majibu yake, kwa maoni yangu, yalikuwa ya kuzungukazunguka, na wanaochunguza fahamu hadi leo wanahangaika na swali hilohilo.

Sisi nasi tuna migao yetu: moyo unataka, akili inakataa, nafsi inasuta. Lakini moyo huohuo ndio unaodunda kifuani. Hata jina la mji huu, wenyeji husema, ni "bwaga moyo". Mpagazi aliyefika pwani na pembe ya ndovu begani, mzigo na moyo alivitua kwa pumzi moja.